Moto wa Tatul

Sogeeni, nyinyi mnaokula mkate wa kijiji chetu cha Tsirani, niwape habari za zama zile ambazo bonde hili halikuwa na jina, wala wafalme wawili hawajaanza kuligombea. Alikuwako Tatul mwana wa Hovsep, Mwarmenia wa ukoo wa waokaji, Tatul Bega-Mwamba, aliyevusha wazee kumi na wawili mtoni, mmoja mmoja, maji yakimfika kidevuni.

Kijiji chao cha kale kilipochomwa na maadui, Tatul alibeba chungu cha makaa kutoka tanuri la bibi yake, kwa maana desturi ilikuwa hivi: kijiji kipya huwashwa kwa moto wa kijiji cha zamani, la sivyo ni kambi tu. Siku arubaini aliyalisha makaa yale, hata joho lake akalirarua likawa kuni. Adhuhuri moja, kwenye kilele chenye theluji, usingizi ukamwiba. Alipozinduka, chungu kilikuwa baridi.

Shujaa huyo, aliyewahi kumnyonga dubu kwa mikono yake, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akagonga jiwe la gumegume likatoa cheche, akawasha moto mwingine, akanyamaza. Mama yake, Shushan, peke yake ndiye aliyemwona. "Funika chungu, mwanangu," akasema. "Watu wamechoka."

Basi wakafika bondeni, wakachimba tanuri ardhini, wakaliwasha kwa makaa ya chungu kile, wakabusu ukingo wake. Kila walipomsifu Tatul, aliinamisha uso. Aibu ilikula naye, ikalala naye, miaka ishirini.

Ndipo wakaja wajumbe wa wafalme wale, kila mmoja akiwaamuru wahame. Wanaume wakalizunguka tanuri, wakanyoosha mikono waape kufa kwa ajili ya moto wa mababu. Tatul akapaza sauti: "Msiape! Moto wa mababu ulizimika mikononi mwangu. Huu niliuwasha mwenyewe, nikawadanganya. Asife mtu kwa uongo wangu!"

Hakungoja hukumu. Alishika njia ya kileleni bila joho wala kofia.

Bi Shushan, kikongwe sasa, akabandika mkate kwenye ukuta wa tanuri. "Nilijua," akasema. "Na moto huu umewalelea watoto wenu. Mnataka upi mwingine?"

Wakatazamana kwa haya, kwani hakuna aliyekuwa amemshika mkono Tatul asiondoke. Wakakimbia kumwita, wakakuta nyayo zimefunikwa na theluji.

Wafalme wanagombana hadi kesho, sisi hatujahama, tunaoka. Na moto wa mtu ukizimika hapa Tsirani, jirani humpa makaa, wala hamuulizi ulizimikaje.