Kitanda cha Kiboko Chapigwa Mnada

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mahakama yao na madalali wao, Kiboko aliingia katika shamba la Bi Kanga. Mtama nusu akaula, nusu akaukanyaga. Mahakama ikamtoza faini ya magunia matatu ya mtama, apewe Bi Kanga, maana vifaranga wake hawakuwa na cha kula mpaka masika.

Kiboko hakulipa. Miezi miwili ikapita, vifaranga wakabaki mifupa. Mahakama ikaamuru mali yake ikamatwe, iuzwe.

Kuamuru ni rahisi. Sheria ilimkataza dalali kuvuka kizingiti cha mtu bila kukaribishwa. Alikamata vilivyo nje tu. Na nje kwa Kiboko hapakuwa na hata ufagio. Dalali Fisi alijaribu kuingia ndani. Alirudi akichechemea, akaacha kazi.

Kazi akapewa Kindi. Wenzake wakamcheka. "Wewe? Mkia wako mkubwa kuliko wewe!"

Kindi alikwenda mpaka mbele ya nyumba ya Kiboko, akagonga debe. Ko! Ko! Ko!

"Tangazo! Mnada wa mali ya Bwana Kiboko! Jamvi moja, limetafunwa na panya. Kigoda kimoja, miguu miwili. Chungu kimoja, kimetoboka. Basi! Hana kingine!"

Majirani wakaja mbio. Mnada wa jirani haukosi watu.

"Nani hana kingine?" Kiboko akanguruma kutoka ndani.

"Wewe, bwana mkubwa. Samahani, nimeandika nilivyosikia. Wanasema unalala chini."

"Chini? Mimi?"

"Sijaingia kwako, nitajuaje?"

Majirani wakacheka, kwi kwi kwi!

"Ngojeni!" Kiboko akatoka na kitanda cha mninga kichwani, akakibwaga, puu! "Hiki ni nini?"

"Loo! Kitanda," akasema Kindi, akaandika. "Ila godoro ndiyo hivyo tena, huna."

Godoro likatoka. Likafuata sinia la shaba, kisha kabati la vyombo.

"Baba watoto!" mkewe akalia. "Rudisha vitu ndani!"

"Nyamaza! Hujasikia wanavyotusema?"

Kindi akagonga debe tena. "Vyote viko nje, na nimevikamata kwa amri ya mahakama! Nani ananunua kitanda na godoro lake?"

"Mimi. Magunia matatu ya mtama," akasema Tembo, aliyekuwa amechoka kulala wima.

"Mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu! Kimeuzwa!"

Kiboko akamrukia Kindi. Pyuu! Kindi alikuwa keshafika juu ya kichwa cha Tembo.

"Kitanda changu hicho!" Kiboko akafoka.

"Changu," akasema Tembo, akakikalia.

Kiboko akamtazama Tembo kuanzia miguuni mpaka kwenye pembe. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Faini imetimia," akasema Kindi kutoka juu. "Sinia na kabati rudisha ndani, bwana mkubwa. Sisi si wezi."

Siku ileile magunia yakafikishwa kwa Bi Kanga, na vifaranga wakala mpaka wakalalia matumbo. Kwa Kiboko, mkewe aliuliza mara moja tu, "Haya, sasa tunalala wapi?"

Basi, wanangu, mlango ulioshindikana kwa nguvu, majivuno ya mwenyewe huufungua.