Mtawa Aliyejihesabu Maiti

Kwa jina lake Yeye aliyeificha nuru ndani ya kila kifua, naanza. Hadithi hii asili yake ni Bara Hindi, kwenye kingo za mto Godavari, nami naifikisha kwenu kama nilivyoipokea.

Huko ilikuwapo desturi: anayeiacha dunia ili awe mtawa hujifanyia mazishi yake mwenyewe, na tangu hapo huhesabiwa maiti asiye na jamaa. Haridata alifanya hivyo angali kijana. Akahifadhi maandiko yote yasemayo kwamba Nafsi ni moja katika kila chenye uhai, na kwamba kutoijua ndio ujinga mkuu.

Siku moja mama yake, Revati, ajuza aliyedhoofishwa na safari, alifika kwenye lango la nyumba ya watawa.

"Mwanangu, sikuja kukurudisha. Nataka nikuguse uso tu, kisha niende zangu."

Moyo ulimruka Haridata, naye akadhani huo ndio mtego wa dunia. "Bibi, unayemtafuta alikwisha kufa. Mazishi yake nilifanya mimi."

Ajuza akacheka kwa uchungu. "Maiti gani huyu, mkaidi kama marehemu baba yake!"

Mtawa akampa kisogo, akamwendea mwalimu wake akitumaini sifa.

"Mwalimu, nimeshinda. Mama yangu amekuja, wala sikutikisika."

Mwalimu alikuwa akimlisha ng'ombe. Akasita. "Ndani ya ng'ombe huyu mna nani?"

"Mna Nafsi ile moja."

"Na ndani ya mama yako?"

Haridata alitoka mbio kuelekea langoni. Akamkuta Revati ameegemea nguzo ya lango, roho imekwisha kumtoka.

Akaomba mwenge ili awashe mwenyewe moto wa kuuchoma mwili, kama impasavyo mwana. Makuhani wa kijiji wakamzuia kwa upole: "Maiti hamwashii maiti moto, bwana mtawa. Wewe huna mama."

Moto ukawashwa na mfinyanzi mmoja, mpita njia. Haridata akasimama mbali miongoni mwa watazamaji, akilia kwa sauti. Wala hakutokea wa kumpa pole, kwa kuwa kwa desturi yao yeye hakuwa mfiwa.

Funzo: Elimu inayomnyang'anya mtu huruma ni ujinga uliovaa joho la utawa; aliyeijua Nafsi kweli huiona katika kila uso, na kwanza katika uso wa aliyemzaa.

Mfikishie na mwenzako. Nanyi mliosikiliza, Mola awajalie macho ya kuonana mngali hai, na awarehemu wazazi wenu.