Ukuta wa Gaudensi

Sogeeni karibu, na anayeogopa mashimo akae katikati ya wenzake. Mimi mwenyewe nilikuwepo, na hadi leo nikipita penye kisima najikuta nimemshika mtu mkono.

Kijijini kwetu milimani walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Katekista Hyasinti alijaliwa sauti. Akisoma Injili, hata wanaosinzia waliamka. Shangazi Otilia aliwajua watoto, hakuna kilio alichoshindwa kukituliza. Osmundi mchimba visima alikuwa mwembamba, akipita mahali ambapo sisi wenye matumbo hatuthubutu kuchungulia.

Asubuhi moja Skolastika, binti wa Gaudensi, fundi wa kupaka rangi, alimkimbiza mbuzi akatumbukia katika kisima kilichoachwa zamani. Tulimkuta huko chini analia. Kila alipopiga kelele, udongo ulimeguka ukamwangukia mabegani. Tuliogopa hata kukohoa. Gaudensi alipiga magoti akaapa mbele yetu sote: "Yesu akimtoa mwanangu, nitamchora Yesu huyo ukutani kanisani, vilevile alivyomjia mtoto!"

Hyasinti alilala kifudifudi ukingoni.

"Skola, unaikumbuka picha ya kalenda yangu?"

"Ya Yesu?"

"Eeh. Uso mweupe, nywele ndefu, kanzu inayong'aa. Yuko hapo nawe. Mtazame, giza litapungua."

Mtoto akanyamaza, na udongo nao ukatulia. Tukateremsha kamba, tukamwambia ajifunge, Yesu atamsaidia. Akakataa.

"Nina matope," alisema kwa sauti ndogo. "Nitamchafulia kanzu."

Ufa ulikuwa unapanda ukutani mwa kisima, tukiuona kwa macho yetu. Hapo Otilia akamsukuma katekista kwa kiwiko.

"Skola mwanangu, ni mimi shangazi. Huyo wa kalenda mwache kwenye kalenda. Yesu ni mweusi kama marehemu babu yako. Viganja vigumu, magaga miguuni, ametoka kulima. Matope ayaogopee nini?"

"Kama babu?"

"Babu yako kabisa!"

Mtoto akajifunga kamba kwapani. Tukavuta. Akalia kwa uchungu, tukaacha upesi. Mguu wake ulikuwa umebanwa na jiwe.

Basi Osmundi akajifunga kamba ya pili, akashuka. Msidhani hakuogopa, nilimsikia meno yakigongana. Alipofika chini alikuwa matope kichwa hadi miguu. Skola akainua macho, akaona uso mweusi unamjia gizani.

"Babu! Usinichukue! Sitaki kufa!"

Udongo ukaanza kumiminika. Gaudensi alinishika shati nyuma akalichana.

"Mimi si babu. Fumba macho," Osmundi alisema. "Usimtazame yeyote. Sura ya Yesu siijui, na Injili haikuniambia. Najua ana mkono. Ushike."

Akafumba, akaushika. Osmundi akalisukuma jiwe kwa mguu, tukawavuta wote wawili. Hata hawajakaa sawa kwenye nyasi, kisima kikajifukia.

Mngedhani tulienda nyumbani kushukuru. Wapi! Nadhiri ilikuwa imetamkwa, na nadhiri haichezewi.

"Bila Yesu wangu," alisema Hyasinti, "kelele zake zingemfukia mapema."

"Na kwa huyo wako angekaa shimoni hadi sasa," Otilia akajibu, "anaogopa kuchafua nguo ya mtu."

Osmundi alitaka uchorwe mkono tu, ukuta uliobaki uachwe na chokaa yake.

"Mkono usio na mwenyewe?" Otilia alishangaa. "Unataka watoto wakimbie ibada?"

Kila mmoja alisema kweli, na hilo ndilo lililomtesa Gaudensi. Akamwita bintiye, ambaye tangu siku ile hakupita penye kivuli bila kushika nguo ya mtu.

"Alikuwaje, mwanangu?"

"Nilifumba macho, baba. Chora, nikimwona nitamjua."

"Na nikikosea?"

Skola akaishika nguo ya baba yake. "Nitamwogopa. Na nikitumbukia tena, sitajua nimwite nani."

Jumamosi Gaudensi alikoroga rangi zake zote, nyeupe, nyeusi na ya udongo. Akapanda ngazi mbele ya ukuta mtupu. Sisi tulijazana mlangoni, katekista, shangazi na mchimba visima wakiwa mbele. Akachovya brashi, matone yakadondoka sakafuni. Kwenye benchi la mbele Skola alikuwa amejiziba macho kwa viganja.

"Baba, nifumbue?"

Haya, ninyi mliokaa hapa salama. Brashi hiyo ingekuwa mkononi mwenu, mtoto huyo akifumbua macho, mngemwonyesha nani?