Jino Katika Beseni la Bibi Harusi

"Shuka halimkuzi mtoto." Mmeisikia leo kwa mama yule aliyemkatiza mshenga, nanyi mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, katika vilima vya Washona, mwaka ambao mvua ilikataa kunyesha.

Baba mmoja aliyeishiwa chakula alipokea mtama kwa mgane aitwaye Matambanadzo, akaahidi kumwoza binti yake, Chenai. Kwa kuwa Chenai alikuwa mrefu, hakuna aliyeuliza umri wake. Shangazi yake, au tete kama waitavyo Washona, alimfunika shuka jeupe tangu utosini hadi miguuni, kama desturi itakavyo, wakaenda ukweni kwa nyimbo, na bibi harusi akawa hapigi hatua ila ametunzwa zawadi.

"Tete, umetuletea mke au mlingoti?" wanawake wa ukweni walitania. "Mbona haongei?"

"Ana haya. Mlitaka aje akipiga kelele?"

Alfajiri Chenai alifagia uwanja, akapasha maji, akampelekea Bibi Marwei, mama wa bwana harusi, anawe uso. Baada ya kunawa huko ndipo bibi harusi angefunuliwa na kukabidhiwa kwa mume.

Bibi Marwei aliinamia beseni, mkono ukasita. Ndani ya maji mlikuwa na jino dogo, lenye uzi mwembamba wa damu.

"Jino la nani hili?"

"Langu, Bibi," sauti ilitoka chini ya shuka. "Lilikuwa linacheza tangu juzi. Nirudishie, nikalirushe juu ya paa la mama, jipya liote."

Vigelegele vilikatika. Bibi Marwei akalivuta shuka, akaona mashavu ya mtoto, na pengo.

"Tete! Ulijua?"

Shangazi alitazama chini. "Nilidhani shuka litatosha mpaka mlango ufungwe."

Matambanadzo akaanza kuutaja mtama wake.

"Nyamaza!" mama yake alimkemea. "Kitindamimba wako ameshamaliza kubadili meno, huyu bado anang'oka meno. Mtama umeliwa, basi. Mtoto haliwi."

Akalifunga jino kwenye pindo la shuka, akamshika Chenai mkono, wakairudia njia ile ile, safari hii bila wimbo. Mama yake Chenai alipowaona, aliketi palepale mlangoni. Chenai alilirusha jino juu ya paa, kisha akauliza kama kuna uji.

Tangu siku ile, kila anayeharakisha kumfunika binti huambiwa: shuka halimkuzi mtoto.