Friji ya Chanjo

Mhunzi hushika chuma cha moto kwa koleo. Koleo likivunjika, mhunzi goigoi hufunga karakana na kwenda kulalamika. Mhunzi wa kweli hutafuta kitu kingine cha kushikia, kwa sababu ufundi wake hauko kwenye koleo, uko kichwani mwake na mikononi mwake. Hiyo ndiyo maana ya methali yetu ya koleo na uhunzi. Wanaodhani imepitwa na wakati kwa kuwa wahunzi wamepungua, na waje Nakuru wamwone Nakhumicha.

Nakhumicha alikuwa fundi wa umeme wa magari katika gereji moja ya jua kali pembeni mwa eneo la viwanda. Hakuwa mtu wa kujishusha hata kidogo. Alikuwa amefunga taa za ziada, kamera za nyuma, ving'ora na redio kwenye pikapu zisizohesabika, na mdomo wake ulikwenda sambamba na mikono yake. Wapo waliosema ana maringo. Lakini mtu asipojisifu kwa kazi nzuri, atajisifu kwa nini?

Asubuhi moja, Chepkemei, daktari wa mifugo kutoka Olenguruone, aliingiza pikapu yake katika gereji hiyo. Nyuma, chini ya kanopi, kile kibanda cha bati kinachofunika mzigo, palikuwa na friji ndogo mpya ya kutumia umeme wa gari. Kando yake palikuwa na sanduku la barafu lililojaa chupa za chanjo. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia katika mashamba ya jirani, na wafugaji walikuwa wameitwa kupeleka ng'ombe wao joshoni kesho yake alfajiri.

"Fundi, hii friji nilifungiwa huko nyumbani," Chepkemei akaeleza. "Inawaka kidogo halafu inazima. Na hii barafu haitafika jioni. Chanjo ikishapata joto ni ya kumwaga, na kupata ingine ni kungoja mwezi mzima. Hao ng'ombe hawatangoja mwezi, watakuwa wameshikwa wote."

"Daktari, usijali. Kabla barafu iishe, friji itakuwa inanguruma," Nakhumicha akajibu. "Nimekuahidi."

Odongo, fundi mwenzake wa kibanda cha pili, aliangua kicheko. "Naku, wewe unaahidi kama mtu anatafuta kura!"

Nakhumicha hakumjali. Alitoa mita yake ya kupimia umeme, akaipachika kwenye soketi ya friji. Volti kumi na mbili na ushei. Akapima tena, ikawa vilevile. Kama umeme unafika, akawaza, basi mbovu ni friji yenyewe. Alihamisha waya mwekundu wa mita hadi kwenye tundu la ampea ili aone friji inavuta umeme kiasi gani. Friji ilinguruma, ikakohoa, ikazima. Akaamua kupima betri pia. Alizunguka mbele, akafungua boneti na kugusa vichwa vya betri kwa ncha za mita.

Kosa hilo hulifanya mafundi wa umeme tu, na wachache mno kati yao hawajawahi kulifanya: kugusa betri huku waya wa mita ungali kwenye tundu la ampea. Ni sawa na kuunganisha vichwa vya betri kwa spana. Cheche ziliruka, moshi ukafuka, kioo cha mita kikazima. Aliitikisa, akaibonyeza, akaipuliza. Mita ilikuwa imekwenda na maji.

Aibu ilimpanda Nakhumicha hadi masikioni. Alimgeukia Odongo.

"Ndugu yangu, nisaidie mita yako kidogo."

"Zii, dadangu. Mita ni kama mswaki, haikopeshwi," Odongo akasema. "Ukinichomea na yangu je? Lakini daktari akitaka, alete gari hapa kwangu. Nikimalizana na hii nyingine jioni, nitaiangalia."

Hakuna aliyemlaumu. Ndiyo desturi ya gereji hiyo: spana utapewa, jeki utapewa, hata chai utamiminiwa, lakini mita kila mtu na yake. Tatizo ni kwamba jioni barafu ingekuwa imekwisha kuwa maji. Chepkemei alifunua sanduku, akatazama, akalifunika upesi.

"Fundi, niambie ukweli tu," akasema kwa sauti ya chini. "Kama haiwezekani, kuna rafiki yangu hapa mtaa wa Milimani anaweza kuniwekea hizi dawa kwa friji yake. Zitapona. Lakini bila friji ya gari hazitafika joshoni, na kesho nitawaambia nini watu wametembeza ng'ombe usiku?"

Nakhumicha aliingiwa na hofu, hilo tusilifiche. Alijua kwamba akinyamaza kidogo tu, hofu ingemshinda nguvu.

"Mita imekufa, mimi sijakufa," akasema. "Fungua mlango wa nyuma, daktari."

Aliliendea rundo la vyuma chakavu, akang'oa balbu ya breki kutoka kwenye taa ya lori lililopata ajali. Aliiunganisha na nyaya mbili ndefu, akazifunga tepu. Kwanza aligusisha nyaya hizo kwenye betri, balbu ikatoa mwanga mweupe pe. Kisha akazipachika kwenye soketi ya friji. Balbu ilitoa wekundu hafifu, kama kaa linalotaka kuzimika.

Nakhumicha alipiga kofi pajani. "Umeona, daktari? Mita ilikuwa inaniambia umeme uko. Kweli uko. Lakini mita huwa inaonja tu, balbu inakunywa. Friji nayo ni mnywaji. Ikianza kunywa, inakuta umeme hautoshi."

Alibakiza waya mmoja kwenye upande wa soketi unaoleta umeme, na ule mwingine akauvuta hadi kwenye kichwa hasi cha betri, kile cha kurudishia umeme. Balbu ikawaka pe! Basi umeme ulikuwa ukija vizuri. Ubovu ulikuwa kwenye njia ya kurudi. Aliufuata waya wa kurudishia, ule mafundi wanaouita eathi, akaukuta umekazwa kwa skrubu kwenye ukuta wa kanopi.

"Nani alifunga eathi hapa?"

"Huyo fundi wa nyumbani. Aliniambia chuma ni chuma."

"Ni chuma, sawa, lakini imekalia raba pande zote, na juu yake ni rangi. Umeme unapita kwa tundu la sindano."

Alipitisha waya mnene kutoka kwenye friji hadi kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini ya gari, akakwangua rangi kwa tupa mpaka chuma kikang'aa, akaukaza kwa bolti na kupaka grisi ili kutu isikaribie. Kwa kuwa friji ilikuwa ikichangia waya mmoja na taa za mbele, aliipa waya wake yenyewe wenye fyuzi yake. Alijaribu tena kwa balbu, na mwanga ukajaa kanopi nzima. Ndipo akaichomeka friji.

Ilinguruma. Wakangoja ikohoe, haikukohoa. Chepkemei aliingiza mkono ndani, akautoa, akauingiza tena.

"Inashika baridi! Fundi, inashika baridi!"

Sandukuni, vipande vya mwisho vya barafu vilikuwa vikielea. Walihamisha chupa zote harakaharaka huku wakicheka wenyewe kwa wenyewe, na Odongo akaacha kazi yake akaja kusaidia kushika mlango. Jua lilikuwa bado liko juu pikapu ilipotoka kuelekea milima ya Mau.

Kesho yake simu ya Nakhumicha ililia. Hakuweza kusikia vizuri kwa sababu ya ng'ombe waliokuwa wakilia upande wa pili.

"Tumeanza kuchanja!" Chepkemei alipaza sauti. "Hakuna chupa hata moja imeharibika! Wazee wa hapa wanauliza ni nani alitengeneza gari!"

Machozi yalimlengalenga Nakhumicha, akayafuta kwa kiwiko kwa kuwa viganja vyake vilijaa grisi. "Waambie ni mimi," akasema, na hakuona haya kulisema.

Ng'ombe wa Olenguruone walikingwa na ugonjwa siku hiyo kwa sababu fundi mmoja alipoteza kifaa bila kuupoteza ufundi. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.