Vigae vya Mtungi wa Harusi

Wapendwa, kabla hatujaomba, nataka tutoke kidogo humu kanisani. Twende mlimani kwa mama mmoja mfinyanzi. Nyinyi kina mama mnaopikia sufuria msinicheke. Chungu cha maharage mnakijua, hata kama siku hizi mnakiona kwa bibi tu.

Basi, mama huyo alikuwa hodari wa kazi yake. Alifundishwa na mama mkwe wake, mzee mmoja mfupi, mbishi, ambaye siku ya harusi alimkabidhi mtungi mkubwa wa maji aliouumba mwenyewe. Akamwambia, "Wenzangu huwapa wakwe zao kanga. Mimi nakupa mtungi. Ukiubeba, umenibeba na mimi." Wakaishi nyumba mbili, uwanja mmoja. Asubuhi wakikanda udongo, bibi huanzisha wimbo wa kushukuru na mkwe huitikia, kisha husali pamoja. Sasa niwaambie ukweli, bibi yule sauti hakuwa nayo. Aliimba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Na katika wimbo mzima alijua ubeti mmoja tu! Akiumaliza, anaurudia. Lakini aliimba kila siku iendayo kwa Mungu.

Ukaja mwaka wa masika makubwa. Siku moja mama yule anapanda kutoka kisimani, mtungi wake wa harusi kichwani, akakutana na wanaume watatu njiani. Walivua kofia. Mume wake alikuwa akivuka mto na mzigo wa kuni, kuni za kumchomea mkewe vyungu, na maji yakamchukua. Mtungi ukaanguka ukavunjika pale pale, na maji yote yakamwagika miguuni pake.

Wakazika. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakaondoka, kama tunavyofanya sote. Na tangu siku ile mama yule hakusali tena. Si kwamba alimkana Mungu, hapana. Alimnyamazia, kama unavyomnyamazia jirani aliyekukosea: unajua yupo, unamsikia akikohoa ng'ambo ya ua, ila husemi naye. Mnacheka? Wangapi hapa tumemnyamazia Mungu huku tukikaa mstari wa mbele?

Kilichomchoma zaidi ni kwamba, haukupita muda mrefu, bibi akaanza tena kuimba. Ubeti ule ule. Mama yule akiwa ndani akawa anaziba masikio. "Huyu mzee ana moyo wa namna gani?" alijiuliza. "Anashukuru nini?"

Asubuhi moja akashika ufagio. Kila mfinyanzi ana lundo la vigae kwenye pembe ya uwanja, mabaki ya vyungu na mitungi iliyovunjika. Naye alikuwa na lake, na juu kabisa vilikuwa vigae vya mtungi wa harusi, ambavyo majirani walimwokotea njiani. Alikuwa akivipita kila akitoka nje, na kila akivipita moyo unamwuma. Akavizoa vyote kwenye tenga, akaenda kuvimwaga korongoni. Kisha akachimba udongo mpya, akaupepeta mpaka ukawa laini kama unga wa uji. Akafinyanga vyungu vizuri ajabu. Wapita njia walisimama kuvitazama.

Siku ya kuchoma ikafika. Akavipanga, akafunika kwa nyasi na kuni, akawasha. Moto haujachanganya sawasawa, akasikia pu! Halafu pu! pu! Mpaka moto unapoa, hapakuwa na hata chungu kimoja kizima. Kazi ya majuma mengi, na chakula cha watoto wake, vyote vilikuwa vipande ndani ya majivu. Mama yule akaketi chini kwenye majivu yale, hana hata nguvu ya kulia.

Bibi akaja, akaokota kipande, akakitazama.

"Vigae vyako viko wapi?"

"Nilivitupa korongoni, mama."

"Vyote?"

"Vyote. Nimechoka kuishi na vitu vilivyovunjika."

"Na udongo wako uliuchanganya na nini?"

"Na maji."

Bibi akatikisa kichwa. Maana kule mlimani kila mtu analijua hili: udongo mtupu, uliopepetwa ukawa laini, haustahimili moto. Mfinyanzi huchukua vigae vya zamani, vile vilivyokwisha kupita motoni, akavitwanga, akavikanda pamoja na udongo mpya. Hivyo ndivyo vinavyoushika usipasuke. Lile lundo la pembeni halikuwa takataka. Lilikuwa ghala.

"Ulilijua hili," bibi akasema.

"Nililijua! Ila sikutaka mikono yangu iguse tena kitu kilichovunjika. Kwako wewe ni rahisi, mama. Wewe unaimba. Hujavunjika kama mimi."

Wapendwa, kuna maneno mtu akishayatoa anatamani ayarudishe mdomoni. Bibi akajishusha taratibu, akaketi naye kwenye majivu.

"Mkwe wangu," akasema, "yule uliyemzika, nani alimzaa?"

Mama yule akainamisha kichwa. Miezi yote ile, hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya kaburi la mume wake kulikuwa na mtoto wa mtu.

"Baba yake nilimzika yeye akiwa hajaota meno," bibi akaendelea. "Nikazika na dada zake wawili. Unadhani naimba kwa sababu sijavunjika? Zamani wimbo ule niliujua wote, beti zote, na sauti nilikuwa nayo. Nilisimama mbele ya watu nikaimba, watu wakanisifu. Mungu mwenyewe nilikuwa namsikia tu kwa wengine. Nilipozika binti wa pili, maneno yote yakanipotea kichwani, ukabaki ubeti mmoja. Nikauimba huo huo nikiwa sakafuni, sauti imekatika. Na siku hiyo alikuja, mwanangu. Nakuambia alikuja, akakaa nami. Tangu siku hiyo sijazitafuta tena zile beti nyingine."

Mama yule akanyanyuka. Akachukua tenga, akashuka korongoni. Akaokota kigae kimoja kimoja, miiba ikimchana mikono, mpaka akafikia shingo ya mtungi wa harusi. Akaupandisha kwa bibi.

"Hata huu, mama?"

"Huo ndio uanze nao."

Kutwanga vigae kwa jiwe, mtu hupiga magoti. Naye akapiga magoti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akatwanga shingo ya mtungi ule huku machozi yakidondokea kwenye unga wake, na katikati ya kutwanga akajisikia anasema, "Mungu, nimekukasirikia sana. Ila nakushukuru kwa ile miaka uliyonipa naye. Na unishike, maana mwenyewe siwezi." Ni sala fupi. Haikuwa hata na amina. Lakini niamini, hakuwahi kusali hivyo alipokuwa na kila kitu.

Akakanda udongo upya, akafinyanga, akachoma. Safari hii moto uliwaka mpaka ukazima wenyewe, kimya. Vyungu vilipopoa akavigonga kwa kidole, vikalia vizuri, kimoja baada ya kingine. Na asubuhi iliyofuata uwanjani pale zilisikika sauti mbili, moja nzuri na moja ya kuku, zikiimba ubeti mmoja.

Sasa sisi. Asitoke mtu hapa akasema mchungaji amefundisha kwamba Mungu alimzamisha yule baba ili mkewe ajifunze kusali. Sijasema hivyo, na Mungu ninayemjua hayuko hivyo. Ninachosema ni kwamba Mungu havitupi vigae. Tunaovitupa ni sisi. Tunataka imani iliyopepetwa, laini, isiyo na chembe ya msiba ndani yake, halafu ukija moto tunashangaa inapasuka! Ndugu yangu, ile ndoa iliyovunjika, ule ugonjwa, yule mtoto uliyemzika, umevimwaga korongo gani? Rudi ukaviokote. Mletee Mungu. Atavikanda ndani yako, na utasimama motoni, na utashukuru kwa shukrani ambayo mtu asiyewahi kulia haijui.

Na wewe uliyekaa kule nyuma kwa sababu unaona huna tena cha kumwimbia Mungu, nakuona. Hatutakuacha. Haya, wapendwa, tusimame tuimbe. Anayekumbuka beti zote, aimbe zote. Lakini aliyebakiwa na ubeti mmoja, huyo ndiye atuanzishie.