Pandu Alipofanywa Marehemu

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, alikuwapo mchonga mitawanda, vile viatu vya mti vivaliwavyo majumbani, jina lake Kheri. Na habari yake ina fumbo ambalo wasimuliaji waliotangulia hawakulifumbua, wala anayesimulia leo hajaliweza. Mtu huyu alikula mlo mmoja kwa siku. Kanzu zake zilikuwa mbili, moja mwilini na moja kambani. Hakucheza kamari, hakuongeza mke, hakusafiri kokote. Na alipokufa ikaonekana anadaiwa riali mia tatu. Zilikwenda wapi? Wako wasemao alikuwa akiwapa maskini kwa siri, na wako wasemao mfuko wake ulikuwa na tundu. Mkewe, Bi Mwanamvua, aliyekaa naye miaka thelathini, alipoulizwa alisema hata yeye angependa kujua.

Kheri hakuacha mtoto. Aliacha mke, nyumba ya udongo yenye mlango mzuri wa kuchonga, tezo mbili za kuchongea, mbuzi jike mmoja, na mtoto wa nduguye aitwaye Pandu, ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi. Vitu hivyo vikiuzwa, pamoja na nyumba, visingezidi riali sitini. Na Pandu hakuna ambaye angemnunua.

Basi desturi ya mji ule ilikuwa hii: kabla jeneza halijainuliwa, jamaa wa marehemu husimama akanena, "Anayemdai ndugu yetu na aje kwangu." Maneno haya husemwa kwa sauti ndogo, watu wakatazama chini, kisha jeneza likachukuliwa. Babu zao walisema hivyo, na baba zao pia, wala haijapata kusikika kwamba mtu alikwenda kweli. Mdai huona haya, akangoja siku zipite, akasema na wazee faraghani, na mara nyingi akasamehe. Lakini Pandu alimpenda mno ami yake, na majonzi yakampandisha sauti. Akayanena yale maneno kama mwadhini, yakasikika hata mtaa wa pili. Kisha kwa ukarimu wa huzuni akaongeza kwamba deni la ami yake ni lake.

Hata siku ya tatu, hitima ilipokwisha kusomwa na wali kuliwa, wakamjia wadai kumi na mmoja, wamekwisha kunawa mikono. Kumi kati yao walidai jumla ya riali mia. Wa kumi na mmoja alikuwa Shaha Mngwame, mweka hazina wa Sultani, naye alidai mia mbili za bwana wake. Maana Sultani alimtangulizia Kheri fedha hizo amchongee mitawanda ya mpingo jozi arobaini, ya kutolewa siku ya arusi ya binti yake.

Ikawa shauri likafika barazani. Kadhi akafungua kitabu akaeleza kwamba katika mali ya marehemu hutoka kwanza gharama za maziko, kisha madeni hulipwa kwa kadiri mali inavyofika. Na kisichofika hakitoki mfukoni mwa mrithi, bali ni juu ya wadai wasamehe au wangoje Siku ya Malipo. Sultani Darweshi hakuwa mtu mbaya, ila hakuzoea kungoja, na siku ile aliiona iko mbali. Shaha Mngwame akamnong'oneza kwamba huyu si mrithi tu, huyu alitamka mbele ya jeneza.

"Ewe Pandu," akanena Sultani, "ulitamka au hukutamka?"

"Nilitamka, Maulana."

"Basi tangu leo wewe ndiye Kheri. Kila kilichompasa yeye kinakupasa wewe. Ijumaa ulete riali mia tatu. Ukikosa, nyumba itauzwa, nawe utachota maji humu jumbani mpaka deni liishe."

Mchota maji alilipwa riali moja kwa mwezi. Pandu akatoa sitini za nyumba na vitu, akahesabu zilizobaki kwa vidole vya mikono, akaendelea kwa vya miguu, akapata miaka ishirini. Lakini ndoo hazikumchoma moyo kama jambo la mke wa ami yake. Bi Mwanamvua alikuwa edani, hajatimiza hata siku kumi katika ile miezi minne na siku kumi ya mjane, ambayo desturi haimruhusu kutoka nyumbani. Na nyumba ikiuzwa, eda angeikalia wapi? Pandu akaomba jambo moja tu: hukumu ile ipigiwe mbiu, asipatikane mtu wa kusema hakujua. Sultani alipenda kusikia hukumu zake zikitangazwa, akakubali. Alasiri ile pembe ikalia mtaa kwa mtaa, na mji wote ukaambiwa kwamba Pandu si Pandu tena, Pandu ndiye Kheri mchonga mitawanda.

Akaenda kumpa mjane habari. Bi Mwanamvua akamuuliza, kwa nyuma ya mlango, amekusudia kufanya nini.

"Mama, mimi nitatii tu."

"Utii wako, mwanangu, ndio ninaouogopa."

Asubuhi Pandu akachukua mkeka na shuka nyeupe, akaenda makaburini, akajilaza kando ya kaburi la ami yake, pamba puani. Watu wakamwamkia, hakuitikia. Akaja seremala aliyedai riali nane, akasimama juu yake tayari kumdai. Mwisho mazoea yakamshinda, akachutama akamsomea Fatiha, akaondoka amejikasirikia. Wanawake wakaleta uji wakauweka kichwani pake. Kila watu walipogeuka kisogo, uji ulipungua, wala hakuna aliyeuliza.

Ilipofika Ijumaa, Sultani akapeleka askari wawili wamwite. Wakarudi wakasema maiti haitwi barazani. Akawaamuru wamlete vivyo hivyo alivyo. Nao, kwa kuwa mtu aliyefunikwa shuka hachukuliwi begani kama gunia, wakaazima jeneza msikitini. Na katika mji ule, anayekutana na jeneza lazima alifuate hatua kadhaa, hata kama hamjui aliyemo. Basi sokoni wauza samaki wakalifuata, wauza ndizi wakalifuata, na lilipofika jumbani lilikuwa na watu mia tatu nyuma yake.

Likawekwa mbele ya kiti cha enzi. Sultani akamwambia Pandu aondoke mle. Jeneza likanyamaza. Kadhi akainama akamkumbusha Sultani, kwa adabu zote, kwamba kwa mujibu wa mbiu hakuna mtu aitwaye Pandu.

"Ewe Kheri," akanena Sultani, akiuma meno, "inuka."

Pandu akaketi, akatoa pamba puani, akainamisha kichwa kwa heshima mle mle jenezani.

"Maulana, sikuasi. Ulisema kila kilichompasa Kheri kinanipasa mimi, nami nilipotazama nikaona la kwanza lililompasa ni mauti. Nikaanza na hilo. Sasa umemwita ainuke, naye ameinuka. Kama Kheri yu hai, mkataba wake ni jozi arobaini siku ya arusi ya binti yako, nami nitachonga. Arusi ni lini?"

Baraza lote likatazama pazia la ndani. Nyuma yake binti Sultani alikuwa akilia kwa sauti, maana alikuwa na umri wa miaka sita, na asubuhi ile jino lake la mbele lilikuwa limeng'oka.

"Na kama Kheri amekufa," akaendelea Pandu, "deni limefika wakati wake, na malipo ni kwa alichoacha, kama Kadhi alivyosoma. Chagua, Maulana, nami nitakuwa lolote utakalo. Lakini sijui namna ya kuwa maiti wa kudaiwa na hai wa kulipa katika siku moja."

Sultani akamtazama Shaha Mngwame, na Shaha akaitazama sakafu. Kisha ndevu za Sultani zikaanza kutikisika, akacheka hata kilemba kikamwenda upande. Alipopata pumzi akamuuliza Pandu angelala makaburini mpaka lini.

"Mpaka uji ukome, Maulana."

Ikaamuliwa hivi. Kheri amekufa, na mbiu itengue mbiu. Sultani alisamehe mia mbili zake mbele ya watu wote, kisha akainunua ile nyumba kwa riali arobaini na tano, akamwachia Bi Mwanamvua, wakati wa eda na baada yake. Fedha hizo, pamoja na thamani ya tezo na mbuzi, zilipotolewa gharama za maziko zilibaki hamsini; kila aliyedai riali mbili akapata moja. Nusu iliyobaki Pandu hakumwomba mtu aisamehe. Tisa walisamehe wenyewe. Wa kumi alisema atafikiri, wala hakulaumiwa. Na aliyetumwa kugawa ni Shaha Mngwame, kwa miguu, mlango hata mlango, mfuko wa fedha mkono wa kuume na kamba ya mbuzi mkono wa kushoto, kwa kuwa seremala aliomba fungu lake alipwe mbuzi.